Joho limefika nyumbani mwezi uleule mwanangu amedisko

Shikamoo Mama Mshauri,

Nimekuwa nikikusoma kwa muda mrefu, ila sikudhani ipo siku nitakuandikia mimi. Nina miaka 42, nimeolewa, nina watoto watatu na tunaishi na mama mkwe. Naomba jina langu lisitoke.

Tatizo langu ukilisikia juujuu utaona ni la kudeka. Nimemaliza shahada ya kwanza, nimefaulu, mahafali ni mwezi ujao, na sijui niende au nisiende. Lakini nikueleze mwezi wetu ulivyokwenda, maana humo ndimo mambo yalimo.

Nilisoma kwa njia ya masafa, usiku na wikiendi, huku nikiendelea na kazi yangu ya ukarani wa hesabu. Meza ya jikoni ndiyo iliyokuwa darasa. Watoto wakishalala nafungua kompyuta, na alfajiri imenikuta pale mara nyingi tu. Mwaka ambao mama mkwe alivunjika nyonga niliahirisha masomo, kisha nikarudi.

Barua pepe ya chuo kwamba nimo kwenye orodha ya wahitimu iliingia Jumatatu, mwanzoni mwa mwezi huu. Nilikuwa kazini. Nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye dawati langu. Nikapanga kuwaambia nyumbani jioni tukiwa wote. Nafika jioni hiyo, namkuta mwanangu wa kwanza sebuleni na begi lake. Alikuwa mwaka wa pili chuoni, mji mwingine. Nikafurahi, nikajua amekuja kututembelea. Akasema, "Mama, nimedisko," yaani chuo kimemwondoa. Sapu, ule mtihani wa marudio, alifanya, akafeli tena. Barua ya chuo alikuwa nayo muda, akawa anajibanza kwa rafiki yake huku akitafuta pa kuanzia kutuambia.

Basi habari yangu nikaimeza. Niliitoa siku kadhaa baadaye, usiku, kwa mume wangu peke yake, kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Akaniambia hongera sana, akanishika mkono, kisha akauliza, "Sasa hili tutalisemaje mbele ya mtoto?"

Wiki ya pili maisha yakaendelea. Bomba la maji likapasuka. Binti yetu anajiandaa na mtihani wa kumaliza sekondari, kwa hiyo sebuleni hakuna anayeruhusiwa kuongea. Wa mwisho, ana miaka minane, alipoteza kiatu cha shule, kimoja tu, na mpaka leo hajaweza kueleza ilikuwaje. Mama mkwe alikuwa na kliniki, na aliyempeleka ni huyu kaka mkubwa kwa sababu ndiye pekee asiye na pa kwenda asubuhi. Akitumwa anafanya. Asipotumwa analala hadi saa sita mchana, simu ameilaza kifudifudi. Majirani wakiuliza tunasema yuko likizo. Hatukukaa tukakubaliana kusema hivyo, mume wangu alianza, sisi tukafuata, sasa hata mdogo wake wa mwisho anajua kujibu, "Kaka yuko likizo."

Wiki ya tatu nikaenda kuchukua joho na kadi za mwaliko. Kila mhitimu anapewa kadi mbili. Joho nikalificha juu ya kabati, mtoto wa mwisho akaliona (umri huo hawafichwi kitu), akalivaa, kofia ikamfika puani, akaingia nalo sebuleni akipunga mkono kama mkuu wa chuo. Tulicheka sote, hata kaka yake. Kisha akamgeukia: "Kaka, na lako liko wapi?" Mwanangu akamvua ile kofia taratibu, akaiweka mezani, akatoka nje. Tangu siku hiyo hakuna anayelitaja joho.

Ndipo baba watoto akaniambia lililo moyoni mwake. "Cheti utakipata hata dirishani. Jina lako lipo. Kwa nini tumchome mtoto?" Anasema tukifanya sherehe watu watajaa, wataanza kuuliza kijana yuko mwaka wa ngapi. Wifi yangu, aliyelijua jambo hili kwa bahati mbaya, akaleta utani ambao haukuwa utani: "Nyumba hii mama anavaa joho, mtoto anavua." Mama mkwe yeye haambiwi kitu. Ameshachagua nguo, na kila anayepiga simu anatangaziwa kwamba mkwewe anakuwa msomi. Binti yangu anasema nisipoenda hatanisamehe. Kijana mwenyewe siku moja aliniuliza nikiwa nafua, mahafali ni tarehe ngapi, nikamwambia bado hawajatangaza.

Liko moja linaloninyima usingizi. Nilipokuwa na miaka ishirini nilipata nafasi ya chuo kikuu. Sikwenda, kwa sababu nilikuwa na mimba ya huyuhuyu. Analijua hilo, amekua akilisikia kila ndugu tunapokutana. Niliporudi kusoma yeye alikuwa sekondari. Zile jioni ambazo ningekaa naye kwenye hesabu zake, mimi nilikuwa kwenye hesabu zangu. Leo mimi nimepata, yeye amekosa. Nikijiona ndani ya lile joho, naona kama nimemvua yeye nikavaa mimi.

Wenzangu niliosoma nao wananisubiri, tulishaahidiana kukaa safu moja. Chuo kinataka nithibitishe kama nitahudhuria kabla mwezi huu haujaisha. Niende? Nikienda, niende na nani? Au niache, nimpe mwanangu heshima yake, cheti nikachukue kimya kimya?

Ndimi,
Mhitimu wa Jikoni

MAMA MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu. Na hongera. Nimeitanguliza hongera kwa sababu nimeitafuta ndani ya barua yako nikaikuta mara moja tu, imesemwa usiku, na papo hapo ikafuatwa na swali.

Nirudie ulichoniambia ili tuwe pamoja. Umehitimu katika mwezi ambao kijana wako amerudi nyumbani na begi. Bibi na binti wanataka uende, baba watoto anaogopa mtoto ataumia, wifi amesema aliyosema (hayo tuyaache palepale alipoyasemea), na wewe umelificha joho juu ya kabati. Unaniuliza kama kutokwenda ni njia ya kumheshimu mwanao.

Kwanza tufungue kitita. Barua yako imevifunga pamoja vitu vitatu ambavyo si kimoja. Ipo shahada. Hiyo kazi yake umeshaimaliza, na uwe ukumbini au usiwe, utatunukiwa na wenzako. Vyuo vina utaratibu wa kuwatunuku wasiohudhuria, na cheti chao hakina tofauti na cha waliokuwepo. Hapo mume wako amesema kweli. Yapo mahafali, ile siku ya chuo, jina linasomwa na mkuu wa chuo anatamka maneno yake. Halafu ipo sherehe, ile ya nyumbani, ya viti vya kukodi na wageni wenye maswali. Nikiyasoma maneno ya baba watoto polepole, hofu yake yote naiona imekaa kwenye hii ya tatu. Ukumbini kutakuwa na umati wa watu wasiomjua kijana wenu hata kwa sura, wala hakuna atakayewauliza yuko mwaka wa ngapi. Inawezekana kabisa kwamba wewe unabishania mahafali, mwenzako anabishania sherehe, na hamjagundua. Muulize hilo moja: "Tusipoita mtu nyumbani, bado unaona nisiende?" Jibu lake litakufundisha mengi, hata kama halitakufurahisha.

Lakini hilo la kuchukua cheti dirishani, sijui kama ni jepesi kiasi hicho. Kuna kisa cha kweli ninachokipenda. Mwanzoni mwa karne iliyopita wanawake walikuwa wakisoma vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, Uingereza, wanafanya mitihani, wanafaulu, na hawapewi shahada kwa sababu ni wanawake. Chuo cha Trinity cha Dublin kikakubali kuwatunuku, na kati ya 1904 na 1907 mamia yao walipanda meli wakavuka bahari hadi Ireland, wakavaa majoho, wakasomewa majina, wakarudi makwao. Elimu yenyewe walikuwa nayo tayari kichwani. Oxford ilikuja kuwakubali wanawake mwaka 1920, Cambridge ikangoja hadi 1948. Na mwaka 1998 Cambridge ilipowaalika wale waliosoma pale kabla ya mlango kufunguliwa, mamia walikuja, wakati huo wakiwa vikongwe. Kisa hiki hakikulazimishi kwenda. Nimekileta kwa sababu sentensi yako imeandikwa kana kwamba unachokiacha ni picha na makofi, na mimi nadhani unakijua unachokiacha vizuri kuliko ulivyoandika. Mtu hajifungii chooni kulilia picha.

Sasa kijana. Barua yako imejaa watu wanaomsemea. Baba yake anasema atachomwa, shangazi yake anasema amevuliwa, na wewe umelichukua neno hilo la kuvuliwa ukalifanya lako. Yeye mwenyewe amefungua kinywa mara mbili tu. Mara ya kwanza alisema amedisko. Mara ya pili umeipita mbio, mstari mmoja, nguo zikiwa ndani ya beseni: alikuuliza mahafali ni tarehe ngapi. Ukamjibu hawajatangaza.

Mdogo wangu, tarehe ulikuwa nayo. Na bibi yake anaitangaza kwenye simu kutwa nzima. Kijana wa umri huo atakuwa ameshajua kwamba siku ipo na kwamba mama yake amemficha.

Kwa nini aliuliza, sijui, na wewe hujui. Pengine alitaka kupanga siku hiyo awe mbali. Pengine alitaka kuja akaogopa kuomba. Pengine alikuwa anatafuta tu pa kuanzia mazungumzo, kama alivyotafuta pa kuanzia akiwa kwa rafiki yake, na tarehe ikawa kisingizio. Kila moja kati ya haya lingehitaji jibu lake. Njia ya kujua ipo, nayo ni kurudi kwake na kusema: "Siku ile uliponiuliza tarehe, sikukuambia ukweli. Ni tarehe fulani. Nilikuwa naogopa kukuumiza. Uliuliza kwa nini?" Kisha unyamaze. Huko kunyamaza ndiko kugumu, maana mzazi akishauliza swali mkono unamwasha ajibu mwenyewe.

Kuna hatari katika hilo, sikufichi. Anaweza kusema kweli inamuuma, kwamba hataki kuliona joho. Ukishamuuliza utakuwa na deni la kulisikia jibu lake. Lakini kusikia kwamba inamuuma si sawa na kuambiwa usiende. Watu wazima huweza kuumia na kukutakia heri kwa wakati mmoja. Vilevile usimwachie yeye uamuzi. Ukimwuliza "Je, niende?" umempa mzigo wa kuwa hakimu wa mama yake katika mwezi ambao yeye mwenyewe anajiona amehukumiwa.

Niiguse na hadithi ile ya miaka ishirini na ushee iliyopita, maana nadhani kiini kiko hapo. Sina shaka mnaposimulia kwenye mikusanyiko mnasimulia kwa upendo, pengine mnacheka. Ila mtoto anayekua akisikia kwamba mama aliacha chuo kwa ajili yake anaweza kuisikia kama deni, na akadhani deni hilo lina malipo ya aina moja tu, yaani yeye kupata shahada. Sisemi ndicho kilichomwangusha, maana simjui. Nasema hivi: ukiyaacha mahafali kwa sababu yake, itakuwa umeacha chuo kwa ajili yake mara ya pili. Mara ya kwanza hakuwa hata amezaliwa. Hii ya pili ataibeba akiwa na akili zake timamu, na siku moja kwenye mkusanyiko fulani kuna mtu ataisimulia.

Ulisema unataka kumpa heshima yake. Neno zuri. Mimi nimesoma barua yako mara ya pili nikitafuta hiyo heshima, nikaona kitu kinachofanana zaidi na faini. Kama vile umekaa usiku ukajishtaki kwa zile jioni, ukajikuta na hatia, ukajitoza joho. Huenda nimekosea, wewe ndiye unayejua. Wala sitakufariji kwa uongo nikasema hakuna jioni hata moja aliyokuhitaji akakukuta umeinamia kompyuta. Zitakuwepo. Lakini ni katika jioni hizohizo alimaliza sekondari na kupata nafasi ya chuo. Aliyefeli ni kijana wa mwaka wa pili, mji mwingine, mbali na meza yako ya jikoni. Na katika barua yako yote, ndefu kama ilivyo, hakuna mahali uliponiambia alifeli masomo gani wala kwa nini. Kozi aliichagua nani? Alikuwa anaingia darasani? Kuna ugonjwa, upweke, pesa, kamari, mapenzi yaliyovunjika? Kama hujui, basi kesi umeshaihukumu kabla ya shahidi kuitwa.

Baba watoto nisingependa umwone adui. Namwona mtu anayelilinda jina la mwanawe kwa njia aliyoipata haraka. Lakini hiyo "likizo" aliyoianzisha ina tarehe ya mwisho. Vyuo vitafunguliwa, kijana atakuwa bado yupo, na jirani atauliza tena. Hapo mtatunga nini? Tena mmeshampa sehemu ya kuigiza mtoto wa miaka minane, ambaye kwa rekodi yake ya kiatu na ya joho simwamini hata kidogo katika kutunza siri. Nadhani kinachotishiwa na mahafali yako ni ile likizo, zaidi ya moyo wa kijana. Si lazima mtangaze kwa majirani. Mambo ya mtoto ni yake. Mnaweza kukaa, naye akiwepo, mkakubaliana jibu fupi lisilo la uongo: "Amesimama masomo kwa sasa, anajipanga." Achague maneno yeye.

Haya, njia zenyewe. Unaweza kwenda na kadi zako mbili, ukafanya sherehe nyingine siku nyingine au usifanye kabisa. Hatari yake ni kadi: ukimpa mume anayekwenda kwa shingo upande, uso wake utaubeba kwenye picha miaka yote, ukimnyima, atalikumbuka. Unaweza kwenda na mama mkwe na binti, wawili wanaotaka, na vyuo vingi siku hizi hurusha mahafali moja kwa moja kwenye intaneti, kwa hiyo kijana akitaka kutazama atatazama chumbani kwake bila kuonwa na mtu, na asipotaka hatatazama. Hiyo inampa nafasi, ila pia inaweza kuonekana kama nyumba imegawanyika kambi mbili. Unaweza kumpa yeye kadi moja. Usimpe kama mtihani wa mapenzi. Mwambie ipo, ina jina lake, na akikataa itakwenda kwa mwingine bila kinyongo. Unaweza kuuliza ofisi ya msajili kama wanaruhusu mhitimu kusogeza hadi mahafali yajayo. Vingine vinaruhusu, vingine havina utaratibu huo. Tatizo la kusogeza ni kwamba wenzako wa safu moja hawatakuwepo, na hakuna anayekuhakikishia kwamba mwakani nyumba itakuwa imetulia. Na unaweza usiende. Hilo nalo ni halali kabisa, mradi ukiulizwa na mwanao baada ya miaka kumi kwa nini hukwenda, uwe na jibu ambalo halianzi na jina lake.

Kabla ya hayo yote kuna jambo la haraka kuliko mahafali. Umeniambia analala hadi mchana na simu ameilaza kifudifudi. Inaweza kuwa aibu na uchovu tu. Lakini huzuni nzito inayokaa siku nyingi mfululizo, majuma mawili au zaidi, mtu hafurahii alichokipenda, hali vizuri, amejitenga na marafiki, anajiona hafai, hiyo ni ya kupelekwa kwa mtaalamu wa afya, si ya kungojea ipite. Ukiona anaongea kama mtu aliyekata tamaa ya kuishi, muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo, wataalamu wameshalisema sana; mara nyingi humpunguzia mzigo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, na msaada utafutwe siku hiyohiyo.

Halafu ile barua yake ya chuo, mmeisoma? Isomeni pamoja. Barua za namna hiyo hutofautiana: kuna aliyeondolewa moja kwa moja, kuna anayeruhusiwa kuomba upya baada ya muda. Kwa kawaida kuna rufaa nayo ina siku zake, na kwa kuwa alikaa na barua kwa rafiki, huenda siku hizo zinakimbia au zimekwisha. Aombe pia matokeo ya masomo aliyofaulu, maana chuo kingine kinaweza kuyatambua asianze sifuri. Hapo wewe una kitu ambacho baba yake na walimu wake pengine hawana: unajua kuahirisha na kurudi kulivyo.

Watu wanaogopa sana neno kufukuzwa chuo. Nelson Mandela aliondolewa chuo cha Fort Hare mwaka 1940 baada ya kujiunga na upinzani wa wanafunzi. Akamalizia shahada yake ya kwanza kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kwa masafa, akarudi Fort Hare kwenye mahafali mwaka 1943. Akaanza sheria Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akatoka bila shahada. Ile ya sheria aliipata mwaka 1989 akiwa bado mfungwa, kwa masafa vilevile, akatunukiwa bila kuwepo ukumbini, kwa sababu ambazo sote tunazijua. Tafadhali usiende kumwambia kijana wako awe Mandela. Vijana wamechoshwa na hilo na wana haki. Ila mtu mmoja alidisko, akasoma kwa masafa, akakosa mahafali, yote matatu mnayoyaonea haya nyumbani kwenu.

Kuhusu muda, kwa kuwa mwezi unaisha: piga simu chuoni uulize kama ukithibitisha kisha ukashindwa kufika kuna tatizo. Mara nyingi hakuna. Asiyethibitisha ndiye anayepata taabu, maana kiti hakipo na jina halimo kwenye orodha ya watakaosomwa siku hiyo. Kuthibitisha kutakununulia majuma machache ya kuzungumza na mwanao na mumeo bila saa kukukimbiza, na uamuzi utabaki kuwa wako mpaka asubuhi yenyewe.

Na ukiamua kwenda na mama mkwe, ulizia mapema habari za ngazi. Nyonga iliyowahi kuvunjika na ngazi za ukumbi havipatani, na nguo ameshachagua.

Mama Mshauri